Sumu ya Taka za Kielektroniki Hufuata Bei

Simu iliyokufa ikikaa kwenye droo haimdhuru mtu, mradi betri yake haijavimba. Metali ya risasi iliyomo kwenye lehemu imeganda mahali pake, na bromini, kemikali ya kuzuia moto, imefungwa ndani ya plastiki. Televisheni ya zamani iliyosukumwa kona ya sebule ni vivyo hivyo. Madhara huanza kifaa kinapofunguliwa, na ukubwa wake hutegemea nani anakifungua, kwa zana gani, na anatafuta nini ndani yake.

Anachotafuta ni kile chenye soko. Hapo ndipo lilipo fundo la suala hili zima. Ndani ya kifaa kimoja mna vitu vinavyolipa na vitu visivyolipa. Vinavyolipa hufuatwa hata kwa moto na tindikali. Visivyolipa huachwa pale pale vilipovunjiwa. Uchafuzi una milango hiyo miwili, na matangazo ya kuwahimiza watu watupe taka mahali sahihi hayaufungi hata mmoja.

Kiasi chenyewe ni kikubwa. Kwa mujibu wa ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotoka 2024, dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, wastani wa kilo 7.8 kwa kila mtu. Mwaka 2010 zilikuwa tani milioni 34. Zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu unaoeleweka ni asilimia 22.3 tu. Karibu nusu ya uzito huo, tani milioni 31, ni metali, na thamani ya metali zote zilizomo ilikadiriwa kuwa dola bilioni 91. Kwa hiyo fedha ipo. Tatizo ni kwamba imejikusanya kwenye sehemu chache za kifaa, na gharama ya kuzishughulikia sehemu zilizobaki haina mlipaji.

Nyaya na moto

Tuanze na waya, maana ndio unaoonyesha jambo hili waziwazi. Nyaya nyingi za umeme ni shaba iliyovikwa PVC, plastiki ambayo ikiwa halisi ina klorini zaidi ya nusu ya uzito wake. Mtu mwenye rundo la nyaya nyembamba za chaja na za ndani ya kompyuta hawezi kuzimenya moja moja akapata riziki. Anatupia kipande cha tairi au sponji ya friji iwe kuni, anawasha, na muda si mrefu shaba imebaki peke yake.

Moshi wa kwanza ni gesi ya haidrojeni kloridi, ile inayochoma macho na koo. Huo unajitangaza wenyewe. Wenye hatari ya muda mrefu hauna harufu ya kuutambua: dioksini na furani. Kemikali hizi hazimo kwenye waya kabla haujachomwa. Huzaliwa motoni, pale kaboni, klorini na oksijeni zinapokutana kwenye joto la takriban nyuzi 200 hadi 450 za selsiasi, na shaba ndiyo kichocheo kizuri kuliko karibu kingine chochote. Ndiyo maana kuchoma waya wa shaba ni kubaya kuliko kuchoma PVC tupu. Moto wa wazi hauwezi kulikwepa joto hilo, kwani kingo zake huwa humo muda wote, na moshi hupita humo tena unapopoa. Sheria za Ulaya hutaka tanuru la kuteketeza taka lishikilie gesi kwenye nyuzi 850 kwa sekunde 2, na nyuzi 1,100 kama taka hatarishi ina klorini au halojeni nyingine kupita asilimia 1. Pipa la chuma lililotobolewa matundu halifiki huko, hata liongezwe kuni kiasi gani.

Na mchomaji mwenyewe anapunjika. Shaba iliyopita motoni hupata ganda jeusi la oksidi, hukakamaa na kukatika, na kwenye mizani ya chuma chakavu hupangwa daraja la chini kuliko shaba iliyomenywa ikabaki inang'aa. Waya mnene humenywa kwa mashine ya mkono yenye kisu na magurudumu, kazi ya sekunde kadhaa kwa mita. Waya mwembamba huhitaji mashine ya kusaga: hukatwa vipande vya milimita chache, kisha meza inayotikisika huku ikipulizwa hewa hutenganisha shaba nzito na plastiki nyepesi. Asiye na mashine hiyo anaweza kuziuza nyaya zikiwa na ngozi yake. Bei ya kilo itakuwa ya chini, lakini anauza kilo nyingi zaidi, kwa kuwa plastiki nayo inapimwa. Hesabu hiyo ikipigwa mbele yake, na mnunuzi wa nyaya zisizochomwa akiwa karibu, moto hupoteza mvuto. Katazo la polisi bila mnunuzi huhamishia tu moto usiku.

Bodi, dhahabu na kinachopotea

Tani moja ya simu zilizotolewa betri ina takriban gramu 300 za dhahabu, wakati mwamba wa machimbo mengi huwa na gramu chache tu kwa tani. Simu moja basi ina kama gramu 0.03. Zahitajika simu zaidi ya 30 kupata gramu moja, na hapo ni kama hakuna kinachopotea njiani. Kinapotea kingi.

Njia ya uani huwa hivi: bodi huwekwa juu ya jiko la mkaa, lehemu ikiyeyuka chipu zinang'olewa kwa koleo, kisha bodi na chipu hutumbukizwa kwenye tindikali au sianidi. Lehemu ya zamani yenye risasi huyeyuka kwenye nyuzi 183, ile isiyo na risasi kwenye nyuzi 217 hivi. Kwenye joto hilo risasi haigeuki mvuke wa kutisha. Hatari iko kwingine. Mkaa haujui kuishia nyuzi 220. Gundi ya bodi, ambayo imechanganywa bromini ili isishike moto, huanza kuvunjika karibu na nyuzi 300 na kutoa moshi mzito wenye sumu, na taka za lehemu iliyoungua hubaki vumbi sakafuni.

Tindikali nayo huyeyusha dhahabu inayoifikia tu, yaani ile ya kwenye miguu ya viunganishi na iliyopakwa juu ya bodi. Nyuzi nyembamba za dhahabu ndani ya chipu zimezungukwa na resini ngumu, na maji ya tindikali hayapenyi. Mchanganyiko wa sehemu 3 za haidrokloriki na sehemu 1 ya nitriki unaotumika hutoa moshi wa kahawia wa nitrojeni dioksidi unaoharibu mapafu, wakati mwingine saa kadhaa baada ya kuuvuta, mtu akiwa ameshaenda nyumbani akidhani amepona. Mwishoni kinachobaki kwenye ndoo ni tindikali iliyojaa shaba, bati, nikeli na risasi. Hiyo haiuziki, kwa hiyo humwagwa.

Matanuru makubwa ya shaba, kama la Umicore huko Hoboken nchini Ubelgiji au la Boliden huko Rönnskär nchini Uswidi, hufanya kazi hiyo kwa namna tofauti kabisa. Bodi huyeyushwa kwenye joto la nyuzi 1,200 hivi pamoja na plastiki yake, moshi hukusanywa na kusafishwa, na dhahabu, fedha na paladi huifuata shaba iliyoyeyuka hadi kwenye hatua za mwisho za kutenganishwa. Zaidi ya asilimia 95 ya dhahabu hupatikana.

Hata huko, hata hivyo, bei ndiyo yenye neno la mwisho. Tanuru linalokamata dhahabu haliwezi wakati huohuo kukamata tantali ya kapasita, vipuri vinavyohifadhi chaji, wala neodimi ya sumaku. Metali hizo hukimbilia oksijeni na kuishia kwenye taka ngumu za tanuru. Kinachorejeshwa kutoka kwenye taka hufikia takriban asilimia 1 tu ya mahitaji ya dunia ya metali adimu za aina ya neodimi. Mwenye kiwanda anajua. Anachagua dhahabu.

Kosa jingine, lisiloonekana kirahisi, hutokea kwenye viwanda vilivyosajiliwa kabisa. Kompyuta nzima ikitupwa kwenye mashine ya kusaga bila kutolewa bodi kwanza, dhahabu hupukutika ikawa vumbi na kujichanganya na chuma na alumini, ambako hakuna wa kuitoa tena. Dakika chache za mtu mwenye bisibisi, akitoa bodi, betri na diski kabla ya kusaga, huokoa kuliko mashine ya mamilioni. Katika kazi hii mikono bado inaishinda mitambo, mradi mikono hiyo iishie kufungua na isiingie kwenye moto na tindikali.

TV za chogo

Hapa ndipo mlango wa pili, ule wa visivyolipa, unapofunguka wote. Nyuma ya TV ya chogo, shingoni, kuna koili ya shaba. Mvunjaji mwenye haraka hupiga nyundo shingoni, huchukua koili, na kuacha kioo. Kioo hicho kina risasi: sehemu ya mbele tunayoitazama huwa na bariamu na stronti zaidi, lakini faneli ya nyuma ina takriban moja ya tano ya uzito wake ikiwa oksidi ya risasi. TV moja kubwa hubeba kilo kadhaa za kioo cha namna hiyo. Upande wa ndani wa kioo cha mbele umepakwa unga mwepesi wa kutoa mwanga wenye zinki, na katika za zamani sana hata kadmiamu. Kikivunjika, unga huo huruka.

Zamani kioo hicho kiliyeyushwa kutengenezea TV nyingine za chogo. Skrini bapa zilipoingia, soko likafa, na kioo kikageuka mzigo ambao mtu hulipwa ili auchukue. Nchini Marekani kampuni kadhaa zilipokea malipo ya kurejeleza, zikakirundika kioo maghalani, kisha zikafilisika na kukiacha.

Anayelazimika kutoa koili bila kuvunja atambue mambo mawili yanayoua: umeme, na ombwe, yaani utupu usio na hewa ndani ya chupa ya kioo cha picha. Chomoa TV, iache kwanza, kisha toa chaji iliyobaki kwenye kifuniko cha mpira kilichobandikwa ubavuni mwa chupa, ambako volti huweza kufika 20,000 na zaidi TV ikiwa inawaka. Chukua bisibisi bapa yenye mpini wa plastiki mzima, funga waya kutoka kwenye chuma chake hadi kwenye suka la waya tupu linalozunguka mgongo wa chupa, halafu ipenyeze chini ya kifuniko ukitumia mkono mmoja. Rudia baada ya dakika chache, maana chaji hurudi kidogo. Kapasita kubwa ya kwenye bodi ya umeme nayo itolewe chaji. Kisha ombwe: vaa miwani na ngao ya uso, toa soketi ya mwisho wa shingo, na kati ya pini utaona kichuchu kidogo cha kioo. Kibane kwa plaizi taratibu hadi hewa ianze kuingia kwa mluzi. Mluzi ukinyamaza, chupa haiwezi tena kulipuka kwa ndani. Legeza skrubu ya kibano, vuta koili, na chupa ibaki nzima. Hakuna sababu ya kukata kioo.

Plastiki inayozama

Makava ya nyuma ya TV na kompyuta za zamani yalichanganywa kemikali za bromini, wakati mwingine asilimia 10 hadi 15 ya uzito, ili yasishike moto. Makundi mawili ya kemikali hizo yaliingizwa kwenye Mkataba wa Stockholm, unaodhibiti kemikali za sumu zisizooza, mwaka 2009, na la tatu mwaka 2017. Plastiki hiyo ikisagwa pamoja na nyingine, sumu haipotei, husafiri. Imekutwa kwenye vitu vya kuchezea watoto na vyombo vya plastiki nyeusi vilivyotengenezwa kwa malighafi ya kurejelezwa.

Mtenganishaji mdogo asiye na kifaa cha mionzi ana kipimo cha chumvi. Yeyusha gramu 140 za chumvi ya mezani kwenye lita 1 ya maji; mchanganyiko utakuwa na uzito wa takriban gramu 1.09 kwa mililita. Vipande vya kava vya kawaida, vyenye gramu 1.03 hadi 1.07, huelea. Vyenye bromini nyingi huzama. Kipande kiwe safi, hakina skrubu wala lebo ya chuma, na tone la sabuni liwekwe kuondoa mapovu, maana povu moja likinata huelesha kipande kilichopaswa kuzama. Si kila kilichozama kina bromini, kwa sababu PVC na polikaboneti nazo huzama. Kosa hilo halina madhara: unapoteza plastiki nzuri kidogo, lakini sumu haiingii kwenye gunia la kuuza.

Betri

Betri ya lithiamu ni hatari ya aina nyingine, ya leo hii wala si ya miaka ishirini. Ikitobolewa au kupondwa, pande zake mbili hugusana ndani, joto hupanda, na kimiminika chake huwaka. Chumvi ya floridi iliyomo hutoa haidrojeni floridi, gesi inayounguza mapafu. Moto mwingi wa magari ya taka na maghala ya chakavu huanza na betri moja iliyosahaulika ndani ya kifaa.

Iliyovimba isichajiwe, isitobolewe ili ipungue, na isibanwe irudi ndani ya simu. Ziba ncha zake kwa tepu, ilaze kwenye mchanga mkavu ndani ya chombo cha chuma kisichofungwa kwa kubana, na kiweke nje, mbali na vitu vinavyoshika moto. Ushauri unaozunguka wa kuichovya kwenye maji ya chumvi ili iishe chaji hatuuungi mkono. Chumvi hula ncha kabla chaji haijaisha, hutoa gesi, na hukuachia maji machafu pamoja na betri ambayo huijui iko hali gani.

Na bei? Betri za simu zina kobalti, kwa hiyo zina wanunuzi. Zile za lithiamu, chuma na fosfati, zinazotumika sana kwenye mifumo ya sola, hazina kobalti wala nikeli. Ni salama zaidi na hudumu zaidi, ila zikifa hakuna anayezigombea.

Skrini bapa za kabla ya taa za LED zina mirija myembamba yenye zebaki, miligramu chache kila mmoja. Fungua bila kuikunja. Friji ikikatwa bomba ili kompresa itolewe, gramu 100 tu za gesi ya kupozea ya R-134a zikitoka huongeza joto la dunia sawa na takriban kilo 140 za hewa ukaa.

Inapofikia udongo

Risasi haiozi. Hujishika kwenye udongo wa juu, sentimita chache za kwanza, na humo huingia kwenye vumbi, mikononi, kisha mdomoni mwa mtoto anayetambaa. Kadmiamu hutembea kwa wepesi zaidi na kupanda kwenye mchele na mboga za majani. Dioksini hukaa kwenye mafuta, na kuku wanaojitafutia chakula huwa wa kwanza kuzipeleka mezani.

Huko Guiyu, China, mji uliofahamika kwa kuvunja vifaa, utafiti uliochapishwa 2007 ulikuta watoto wakiwa na wastani wa mikrogramu 15.3 za risasi kwa desilita ya damu. Mji jirani usiofanya kazi hiyo ulikuwa na 9.9. Shirika la Afya Duniani linasema hatua zianze kuchukuliwa kwenye 5. Angalia mji jirani pia ulivyovuka. Agbogbloshie, eneo jingine la kuvunja vifaa jijini Accra, Ghana, yai la kuku aliyelelewa hapo lilipopimwa na mashirika ya IPEN na Basel Action Network mwaka 2019, lilikutwa na dioksini za kumpa mtu mzima zaidi ya mara 200 ya kiwango cha siku kinachovumilika Ulaya. Eneo hilo lilibomolewa 2021. Wavunjaji walitawanyika sehemu nyingine za jiji, na udongo ukabaki.

Sheria zinaposhika na zinapoteleza

Mkataba wa Basel wa 1989 unataka nchi inayopokea taka hatarishi iridhie kwanza kwa maandishi. Tangu Desemba 2019 marekebisho yake yanazuia nchi tajiri zilizoyaridhia kupeleka taka hizo kwa nchi zinazoendelea, na tangu 1 Januari 2025, kwa pendekezo la Ghana na Uswisi, taka zote za kielektroniki, hatarishi na zisizo hatarishi, zinahitaji ridhaa hiyo. Mwanya uliobaki ni neno "mtumba". Kontena likiandikwa vifaa vilivyotumika vya kuuzwa tena, halihesabiki taka. Kipimo cha kweli ni kuviwasha: kila kifaa kiwe kimejaribiwa, kina cheti cha matokeo, na kimefungashwa kisivunjike. TV zilizopangwa juu kwa juu bila kifungashio zinajieleza zenyewe.

Dawa ya gharama isiyo na mlipaji ni kumtaka mzalishaji alipie mwisho wa bidhaa yake, utaratibu ambao Ulaya iliuweka kisheria kuanzia 2003. Unasaidia, lakini malengo yake hupimwa kwa tani. Mashine za kufulia zina tani. Dhahabu na tantali zina miligramu. Kiwanda kikifikisha uzito kwa chuma na saruji ya mashine hizo, hesabu imetimia.

Kwa mwenye kifaa, la kwanza ni kutokifikisha huko mapema. Sehemu kubwa ya hewa ukaa ya simu, mara nyingi karibu asilimia 80, hutoka wakati wa kuitengeneza, na hakuna urejelezaji unaoirudisha. Betri mpya simu ikishafikisha mizunguko ya chaji 500 hadi 800 ndiyo matengenezo yenye faida kuliko yote. Unapoitoa, ondoka kwanza kwenye akaunti zako, ndipo uifute. Simu nzima nyingi huishia kuvunjwa vipuri kwa sababu tu mwenyewe aliiacha imefungwa kwa akaunti na hakuna anayeweza kuiwasha upya.

Kisha mhoji anayeichukua. Usimuulize dhahabu inaenda wapi, hiyo atakuwa na jibu zuri. Muulize kioo cha TV za chogo na plastiki iliyozama anazipeleka wapi, na akuonyeshe stakabadhi zenye uzito na tarehe. Akikwambia kila kitu kinauzika, mtilie shaka. Anayeifanya kazi hii sawasawa atalalamika, kabla hujamaliza swali, jinsi kioo kinavyomla fedha.